Sadaka ina mzizi wa ukweli, si wa huruma

Ukimwuliza mtu sadaka ni nini, mara nyingi atataja huruma: mwenye nacho kamwonea imani asiye nacho. Neno lenyewe halisemi hivyo. Tumelipata kwa Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi za swadi, dali na qafu, ambao maana yake ni ukweli. Mzizi huohuo umetupa "kusadiki", na ndio ulio ndani ya "sadakta", tunalomjibu aliyesema kweli. Kiebrania nacho kina tzedakah, kutoka mzizi wa haki. Neno "msaada" si ndugu ya sadaka hata kidogo, ingawa yanafanana masikioni. Mzizi wake una sini na aini, ila Kiswahili kimezigeuza swadi na sini zote kuwa "s", ndipo masikio yanapodanganyika. Kwa asili yake, basi, sadaka ni ushahidi: mkono unathibitisha kile ulimi ulichodai.

Zaka ni neno jingine. Mzizi wake unabeba kutakasika na kukua. Hapa ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalifu, kwa sababu Biblia yetu imeliita fungu la kumi zaka (tazama Malaki 3:10), na matoleo ya kuteketezwa ikayaita sadaka. Mkristo akisema zaka, ana maana ya asilimia 10 ya pato. Mwislamu ana maana ya asilimia 2.5 ya akiba iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Sehemu ya kumi kwa Waislamu ipo, lakini ni ya mazao yaliyonyweshwa na mvua. Yakimwagiliwa kwa gharama, ni nusu yake. (Ushuru, neno letu la kodi, nalo limetoka kwenye "sehemu ya kumi" ya Kiarabu.)

Kosa linaloniuma ni la Mwislamu anayetoa sarafu kila Ijumaa kisha, mwaka ukiisha, akaona zaka yake imekwisha lipwa. Haijalipwa. Zaka inataka nia yake wakati wa kutoa, na inataka hesabu: tafuta bei ya gramu 85 za dhahabu safi, akiba yako ikifika hapo na mwaka ukatimia, toa 25 kwa kila 1,000. Inataka pia mpokeaji aliye katika makundi manane ya Kurani 9:60. Aya hiyo yenyewe inatumia neno "sadaka" katika umbo la wingi, nayo inakusudia zaka, kwa hiyo kuchanganya kuna asili yake. Kila zaka ni sadaka, lakini si kila sadaka ni zaka.

Tofauti hiyo huonekana wazi nyumbani. Mama yako akiwa mhitaji, kumlisha ni wajibu wako, hivyo huwezi kumhesabia chakula hicho kuwa zaka. Ukimwongezea zawadi juu ya wajibu huo, hiyo ni sadaka, na hakuna kiwango kinachoiwekea mpaka.