Kama Umebuni, Sema Umebuni

Haipiti wiki bila kuletewa simulizi kwenye simu yenye maneno ya herufi kubwa juu yake: KISA CHA KWELI. Chini kuna picha ya binti nisiyemjua, halafu Sehemu ya Kwanza, na mwisho namba ya kutuma shilingi elfu moja kama unataka kuimaliza. Nazisoma hizi simulizi, na nazisoma kwa hamu. Kuna vijana wanaandika Kiswahili chenye mwendo, wanajua pa kukatia ili msomaji asilale. Sina neno na mfululizo, wala na hiyo elfu moja. Mtu aliyekesha akiandika alipwe jasho lake. Ninachokipinga ni hayo maneno matatu ya juu.

Mara nyingi kisa si cha kweli. Mtunzi amekaa kitandani kwake na simu, akabuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kubuni ni kazi ya heshima. Sasa kwa nini aifiche?

Waliotutangulia jambo hili walilimaliza zamani. Msimulizi hakuanza mpaka apewe ruhusa. "Hadithi hadithi!" akaitikiwa, "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Kwingine ilikuwa "Paukwa!" na watu wote "Pakawa!" Wasikilizaji ndio walioita uongo uje, kwa sauti zao wenyewe. Baada ya hapo sungura amdanganye simba, mzee aoe jini, hakuna aliyetapeliwa, kwa kuwa wote wamekubaliana pale mlangoni. Hata redio na magazeti yalilinda mlango huo. Aliyesikiliza Mama na Mwana kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam alijua kipindi cha hadithi kimeanza na taarifa ya habari ina saa yake. Kwenye gazeti, hadithi ya mfululizo ilikuwa na ukurasa wake na habari ya ajali ilikuwa na wake.

Kwenye simu hakuna kurasa. Taarifa ya msiba, ujumbe wa muamala, picha ya mtoto wa dada na Sehemu ya Saba vyote vinaingia kwa mlio mmoja. Januari 2019 WhatsApp waliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mara moja, na Aprili 2020 wakabana zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa unapelekwa sehemu moja tu kwa wakati. Lengo lilikuwa kupunguza kasi ya uzushi. Hadithi zetu zinapita njia hiyohiyo, na zikishaitwa kisa cha kweli zinakuwa zimevaa nguo ileile ya uzushi.

Kila mmoja wetu ameshapokea ile ya bodaboda aliyembeba abiria usiku, dada aliyevaa vizuri, asiye na maneno mengi. Walipofika alipotaka kushushwa, dereva akageuka kudai nauli, hakuna mtu, na mbele yake makaburi. Mimi nimeletewa ikiwa imetokea Tanga, nikaletewa tena ikiwa imetokea Mwanza, na ndugu yangu wa Kenya akanitumia ya Kitale. Kama hadithi, ni nzuri, na ukiisimulia usiku umeme umekatika itawapata watu barabara. Lakini ikiandikwa "imetokea juzi hapa mtaani kwetu", kesho kuna dada atasimama kituoni saa nne usiku na bodaboda watamkwepa.

Hayo ni madhara kwa jamii. Kuna madhara kwa uandishi wenyewe, na haya ndiyo yananiuma zaidi, maana yanaharibu watu wenye kipaji.

Chukua simulizi ambayo msichana anatoka Singida kuja Dar es Salaam kutafuta kazi. Analelewa na mama tu, baba alitoweka binti akiwa mchanga. Sehemu ya kumi na mbili anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, anaibiwa begi, analia, mzee mmoja anamsogelea kumpa pole, na mzee huyo ndiye baba yake. Msomaji mmoja akiuliza imekuwaje katika watu wote wa stendi akutane na huyo, anajibiwa: "Ndugu, hiki ni kisa cha kweli, ndivyo ilivyotokea." Mjadala umefungwa, na mtunzi amekosa somo.

Maisha yana ruhusa ya kukutanisha watu bila sababu. Hadithi haina. Hapo mtunzi alitakiwa arudi nyuma, aone kwamba baba anaweza kuwa mpiga debe wa mabasi ya Kanda ya Kati, na kwamba hilo linatakiwa kuonekana mapema. Sehemu ya pili, mama anakataa katakata kupanda basi la kampuni fulani na hasemi sababu. Sehemu ya tano, binti anakuta nyuma ya picha ya zamani pameandikwa jina la basi. Sasa akifika Mbezi haletwi na bahati. Ameliona jina lile ubavuni mwa gari, amelisogelea, na begi ameibiwa kwa sababu macho yake yalikuwa juu akisoma. Mkutano ni uleule, ila sasa msomaji anajipiga paji la uso kwamba dalili zote alizipita. Kazi hii inachukua siku mbili tatu za kupanga kabla ya kurusha Sehemu ya Kwanza. Anayejikinga na "ndivyo ilivyotokea" hataifanya kamwe, kwa sababu hajaona shimo.

Najua hoja ya watunzi, nimeisikia kwao: wasomaji wanapenda ukweli, ukiandika "hadithi ya kubuni" hawafungui. Siamini. Watu walinunua na kuazimana riwaya miaka na miaka, wakazisoma mpaka zikachanika, na juu ya jalada pameandikwa riwaya.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Adam Shafi, mwandishi wa riwaya kutoka Zanzibar. Baada ya Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, Adam Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Mtu aliyepita huko angeweza kuandika juu ya kitabu chake kwamba haya ni ya kweli, na nani angembishia? Lakini Haini, kitabu kinachohusu watu waliofungwa baada ya mauaji ya kiongozi, kilitoka mwaka 2003 kikiwa riwaya. Halafu mwaka 2013 ikaja Mbali na Nyumbani, na humo anasimulia safari zake za ujana kwa kusema mimi, nilitoka, nilifika, nililala. Mwandishi mmoja, milango miwili, na kila mlango una kibao chake. Riwaya inampa mtu nafasi ya kuingia kwenye kichwa cha askari jela na cha mke aliyebaki nyumbani akisubiri, mahali ambapo shahidi hafiki. Kumbukumbu nazo zinampa msomaji kitu ambacho riwaya haiwezi kumpa: mtu mwenye jina anayesema, nilikuwepo.

Na kusema "nilikuwepo" kuna gharama. Shaaban Robert alipoandika maisha yake aliandika pia msiba wa mkewe, Amina, kwa jina la mke na kwa jina lake mwenyewe. Hakuna pa kujificha katika maandishi ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayegonga muhuri wa ukweli juu ya mambo aliyoyatunga anachukua heshima ambayo wengine wameilipia.

Wanaoumia zaidi ni wale wenye kisa kweli. Dada anaandika jinsi alivyofukuzwa na mashemeji siku ya arobaini ya mumewe, godoro likatolewa nje na watoto wanaangalia. Anaandika kwa mkono unaotetemeka. Chini yake anajibiwa: "Chai hiyo," yaani uongo huo. Mwingine: "Chai ya leo imekolea tangawizi." Hawa wanaomjibu si wakatili wote. Wameshalishwa visa vya kweli vya uongo vingi mno, sasa wanajikinga. Kila mtunzi aliyetumia muhuri ule ameongeza kijiko chake kwenye chai anayonyweshwa huyu dada.

Nije kwa wanaoandika kumbukumbu, maana nao wana kazi. Kumbukumbu si kumwaga kila kitu. Ukiandika mazungumzo ya kurasa mbili ya siku ukiwa na miaka sita, neno kwa neno, msomaji anajua umeyatunga. Andika ile sentensi moja iliyobaki kichwani, na yaliyobaki sema uliambiwa na nani.

Niliandika kumbukumbu fupi juu ya baba yangu mdogo, aliyekuwa akinipeleka shule kwa baiskeli nikiwa darasa la pili. Nilikumbuka upepo, chuma cha keria kinavyochoma mapaja, na jinsi alivyokuwa akinyonga baiskeli kama anayekimbizwa. Kabla sijaiweka popote niliisoma kwa sauti, nikamrekodia na kumtumia. Jioni akanipigia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nimesikiliza. Umeeleza vizuri, ila hujui kwa nini nilikuwa nakimbia."

Baiskeli haikuwa yake. Aliikodi kwa fundi pale njia panda, na alikuwa na hela ya nusu saa tu. Katika nusu saa hiyo alitakiwa anifikishe shule na airudishe, la sivyo fundi angehesabu saa nzima na siku inayofuata ningekwenda kwa miguu. Mimi nyuma nilikuwa nashangilia mwendo.

Sikufuta nilichokiandika. Nilimwacha mtoto ashangilie, halafu nikaweka: baba mdogo anasema. Ningekuwa natunga ningeweza kupata sababu ya kumfanya mtu akimbize baiskeli, lakini ile nusu saa nisingeipata. Tangu hapo sijaweka maandishi yoyote yenye ndugu ndani yake kabla mwenyewe hajasomewa, na nawashauri wote wanaoandika juu ya familia wafanye hivyo. Wazee wetu wengi hawasomi maandishi marefu kwenye simu, ila kurekodiwa sauti wanapenda, na kila anayejibu anakuja na kitu.

Wengine wanajibu kwa kukataa. Shangazi yangu aliniomba jambo moja la ndoa yake ya kwanza lisitoke, na halikutoka. Kubadilisha jina kusingemsaidia. Ukimwita Shangazi Z, na ukoo mzima una shangazi mmoja tu aliyeolewa Kilosa, umemtaja. Kama jambo lenyewe lingekuwa linanikaba kiasi cha kushindwa kukaa nalo, njia ingekuwa moja: nilipeleke kwenye hadithi, nibadilishe mtu, mji, kazi, hata matokeo, mpaka aliyelipitia alisome asijione. Kisha niandike waziwazi kwamba nimebuni. Hadithi ya kubuni ina huruma hiyo, na ukiiita kisa cha kweli umeipokonya.

Na zile picha. Binti aliyebandikwa juu ya kisa cha mke mchepukaji ana mama, ana wafanyakazi wenzake, pengine ana mchumba. Picha yake imechukuliwa kwenye ukurasa wake wa Instagram akiwa harusini kwa rafiki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Hata bila sheria, muweke dada yako pale juu uone.

Lipo jambo ambalo watunzi wengi hawalifikirii. Kilio chao kikubwa ni wizi: mtu anachukua simulizi, anakata jina, anaweka lake, anakusanya hizo elfu moja. Ni wizi kabisa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoiandika kazi. Ila hakimiliki inalinda namna ulivyolieleza jambo. Tukio lenyewe halimilikiwi na mtu. Ukishatangaza kwamba yote yalitokea, umempa mwizi pa kusimamia, atasema naye anasimulia habari ileile aliyoisikia. Mtunzi anayesema "nimebuni mimi" anasema papo hapo kwamba msichana wa Singida, picha yenye maandishi nyuma na mpiga debe wa Mbezi ni mali yake.

Kwa hiyo ninyi mnaoendesha makundi ya simulizi, ombi langu ni hili. Kila sehemu inayorushwa iwe na mstari mmoja juu, ya tatu na ya thelathini vilevile, kwa sababu sehemu zinatembea moja moja na anayepata ya tisa huenda hajaiona ya kwanza: jina la hadithi, jina la mtunzi, na neno hadithi au kumbukumbu. Anayeandika ya kwake kwa jina la bandia kwa ajili ya usalama wake aachwe na jina hilo, ukweli wake hauharibiki. Picha ya mtu isiwekwe bila ridhaa yake. Na mtunzi akileta kazi yenye maneno yale matatu juu, muulizeni faragha kabla hamjairusha: haya yalimpata nani, na huyo mtu ameshasomewa?