Mzee, Antena Ndiyo Ishuke, Si Wewe Upande

Wazee wenzangu wa redio ya ridhaa, sisi tunaorusha mawimbi na kuzungumza na wenzetu kwa kujifurahisha hapa Dar, ngazi tuziache. Kila masika ikipita nasikia habari ya mwenzetu aliyestaafu zamani, na magoti yanamsumbua, yuko juu ya bati anafungua plagi ya kebo ya antena. Naumia kusikia hivyo, maana kazi anayoifuata huko juu ingeweza kufanyika akiwa amekaa kwenye kigoda uani.

Kazi yenyewe haiepukiki. Ukikaa Msasani, Kunduchi au Kigamboni, chumvi ya bahari inakula kila kiungo. Plagi ya PL-259 isiyozibwa vizuri huingiza maji, shaba ya ndani ya kebo inageuka nyeusi, mawimbi yanafifia. Kebo iliyolowa hudanganya vibaya: mita inaweza kukuonyesha SWR (kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kutoka) nzuri kabisa, kumbe nguvu yako inaishia ndani ya kebo na haifiki kwenye antena. Kwa hiyo antena ya pwani lazima ishikwe mkononi na kukaguliwa mara kwa mara. Suala ni nani amfuate mwenzake.

Tazameni majahazi. Kutweka tanga hakumtaki mtu apande mlingoti. Henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, imepita kwenye kapi, mabaharia wanavuta wakiwa chini. Nasi tufanye vivyo hivyo. Bomba la chuma la mita 10, kapi ya chuma cha pua kileleni, na kamba iliyofungwa ncha kwa ncha iwe mzunguko mmoja, isije ikachomoka na kukuachia kapi tupu juu. Kamba iwe ya kustahimili jua, kwa kuwa nailoni ya bei poa jua letu huila upesi.

Waya wake hauna gharama. Gawanya 143 kwa masafa yako kwa megahezi, upate kwa mita urefu wa dipole, antena ya waya yenye mikono miwili inayolishwa katikati. Kwa megahezi 14.2 inakuja mita 10 na kidogo, yaani mita 5 kila mkono. Kata ndefu kidogo, pandisha, pima, teremsha, punguza. Kwa henza, kupima na kupunguza huko ni kazi ya dakika chache. Katikati ipande kwenye kapi, mikono ishuke kwa kamba kuelekea mwembe na mwarobaini, ila ncha zisifikiwe na mikono ya watoto. Unaporusha, volti kali ziko pale.

Najua nitaambiwa habari za Yagi, antena ya fito inayoelekezwa upande mmoja. Sikatai uzuri wake: ya fito 3 iliyotengenezwa vizuri inakupa kama desibeli 6 zaidi ya dipole upande inaoelekea, nguvu mara 4, na inapunguza kelele za nyuma. Lakini kwenye mita ya redio ya mwenzako, desibeli 6 ni S moja tu, hatua moja ya kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwa S moja mzee apande juu kuhangaika na mota ya kuzungushia? Hapana. Tangu 2017 tunayo FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, inayosomeka hata sauti ikiwa imezama chini ya kelele, na jua, ambalo likichangamka mawimbi yetu hufika mbali, lilifika kilele cha mzunguko wake wa 25 mwaka 2024. Waya na wati 100 vinatosha kuongea na dunia.

Bomba lenyewe wasimamishe vijana, na lisimame mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake, ili hata likianguka lisiziguse. Kiwanja kikiwa kidogo, fupisha bomba.

Na hao vijana wakija, msiishie kuwabebesha vyuma. Wapeni pasi ya kulehemia na risasi ya kuungia waunge plagi wenyewe, mkiwa mmekaa pembeni mnawaelekeza, kisha wakae kwenye redio wasikie walichokiunga kikiongea.