Viti maalum: mbunge huyu anamuogopa nani?

Mjadala wa viti maalum, vile viti vya wanawake visivyo na jimbo, ukianza hapa Moshi watu wanagawanyika haraka sana. Kuna wanaosema vifutwe, wale wabunge wanakula posho tu, na kuna wanaosema ukivigusa umemgusa mwanamke. Mi naona pande zote zina ukweli ila wote wanaruka swali moja, huyu mbunge anamuogopa nani?

Maana angalia anavopatikana. Katiba inataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote, na baada ya uchaguzi wa 2020 viti maalum vilikuwa 113, vyama vikagawana kutokana na kura zao. Kwa CCM majina yanapita kwenye kura za maoni za UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, wajumbe wanapiga kura, alafu vikao vya juu vinamalizia. Sasa mama anaeuza ndizi Mbuyuni au mitumba Kiborloni haingii humo kabisa, hampi kura na wala hawezi kumnyima. Mbunge akitaka kurudi Dodoma lazima aangalie wajumbe kwanza, na kwa kweli simlaumu, ndo utaratibu ulivyo. Wale wabunge 19 wa viti maalum wa CHADEMA, Halima Mdee na wenzake, waliapishwa Novemba 2020, chama kikasema hakijapeleka majina, kikawafukuza uanachama, na bado wakaendelea kukaa bungeni. Ugomvi wote ule mwananchi hakuulizwa popote.

Ila wanaotaka vifutwe nao wajibu hili. Rais Samia aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, 2010 akagombea Makunduchi akashinda. Halima huyohuyo alianzia viti maalum 2005 alafu akalichukua jimbo la Kawe 2010. Wangapi wangepewa nafasi ya kujaribu bila ule mlango? Na mtu akishazoea kuona mwanamke anaongea bungeni, kumpa jimbo sio ajabu tena, hapa hapa Kilimanjaro jimbo la Same Mashariki 2015 Naghenjwa Kaboyoka alimshinda Anne Kilango, 2020 Anne Kilango akalirudisha, wote wawili wanawake.

Kwangu mimi kipimo kizuri cha nani anaogopwa ni taulo za kike. Wabunge wanawake walipiga kelele, 2018 serikali ikaziondolea kodi ya VAT, tukafurahi. 2019 ikarudishwa, serikali ikasema bei haikushuka kwa mnunuzi. Na ni kweli dukani hatukuona tofauti ya maana, lakini dawa si ilikuwa kuwabana wafanyabiashara? Bajeti ikapita, na wengi wa wabunge wale wanatoka chama hichohicho chenye serikali, wangeikataaje wakati chama ndo kimewapa kiti.

Alafu kuna halmashauri, huku ndo mama anaumia zaidi na watu hawakuongelei. Sheria inasema asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. 2023 ilisimamishwa, ikarudi 2024. Katikati hapo wamama walienda wapi? Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Unachukua laki mbili, unarejesha kila siku, jioni kijana anakuja na daftari kwenye meza yako nyanya hazijaisha, ukikosa siku kadhaa wanabeba godoro, wanabeba mtungi wa gesi watoto wanaangalia. Diwani wa viti maalum anakaa kwenye baraza linalosimamia hiyo asilimia 10, angeweza kuuliza kikundi gani kimepewa na kwa nini kile kingine fomu zake zinazungushwa kila siku, lakini hana kata yake, hakuna anaemsubiri na swali siku ya mkutano.

Kwa hiyo mi sisemi vifutwe, nasema vipigiwe kura. Kenya kila kaunti kati ya 47 inamchagua mwakilishi wake mwanamke, wanaume kwa wanawake wanapanga foleni, na Uganda wana mbunge mwanamke wa kila wilaya. Najua pingamizi, mkoa ni mkubwa, kampeni kutoka Tarakea mpaka Same inataka gari na mafuta na mama wa kawaida hana, atashinda mwenye hela. Hilo ni kweli kabisa na ndo maana ningeanzia kwa madiwani, kata tatu au nne zinazopakana zimchague diwani wao mwanamke, eneo analoweza kulizunguka kwa bodaboda, na wanaompa kura wawe ni walewale anaokutana nao sokoni.