Ukipanda Basi, Unatapika?

Mimi ni mtu wa kutapika. Tangu utotoni, basi likianza kukata kona za Mlima Kitonga, mama alikuwa ameshafungua mfuko na kuniwekea mapajani. Enzi hizo makonda waligawa mifuko ya plastiki bila kuombwa, walishatujua.

Siku nilipokwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi, habari za basi hakuna aliyeniuliza. Niliulizwa kama nina mzio wa dawa, nimekula saa ngapi, nani atasaini. Nikapigwa nusukaputi. Nilipozinduka, kabla hata ya kusikia maumivu, nilisikia mate yakijaa mdomoni. Watapikaji wenzangu mnayajua mate yale.

Ukiwa na mshono mbichi tumboni, kukohoa tu ni adhabu. Sasa tapika. Mama alishika beseni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanikandamizia khanga iliyokunjwa juu ya bandeji, akiogopa nyuzi zisifumuke. Nesi alipita akasema, "Pole dada, ni dawa ya usingizi hiyo, itaisha yenyewe." Ikaisha kesho yake asubuhi.

Nesi yule simlaumu, alikuwa na wodi nzima peke yake. Ninachokataa ni hiyo "itaisha yenyewe", kana kwamba matapishi baada ya upasuaji ni kama mvua, hayana wa kuyazuia. Yanazuilika, na kabla ya hapo yanatabirika. Mwaka 1999 daktari Christian Apfel na wenzake walionyesha kwamba mambo manne yanatosha kumjua mtu mzima atakayesumbuka baada ya usingizi wa gesi: ni mwanamke, havuti sigara, amewahi kutapika baada ya upasuaji au hutapika safarini, na atapewa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Asiye na hata moja, hatari yake ni kama asilimia 10. Moja, 20. Mbili, 40. Tatu, 60. Zote nne, 80.

Hebu zihesabu hizo kwa wanawake wa kwetu. Wangapi wanavuta sigara? Kwa hiyo karibu kila mama anayesukumwa kwenda chumba cha upasuaji ana alama mbili kabla hajafungua mdomo. Mpe pethidini, mojawapo ya hizo dawa kali za maumivu, ana tatu. Mpitishe Kitonga, zimetimia. (Ndiyo, wavutaji hutapika kidogo kuliko sisi. Kaka yangu amefurahi mno kusikia hivyo, nami nimejuta kumwambia.) Hapa kwetu, basi, kinga ya kutapika ilipaswa kuwa jambo la kawaida kwa wanawake, na asiyepewa ndiye awe na maelezo kwenye faili.

Dawa zenyewe za kuzuia kutapika si za anasa. Ondansetroni na deksamethasoni zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti mkubwa wa mwaka 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba kila dawa inapunguza hatari kwa kama robo, na ukiongeza ya pili inapunguza robo ya kile kilichobaki. Mwenye 80 anashuka karibu na 60, kisha kwenye arobaini na kitu. Ndiyo maana mtu wa alama nyingi hatoshwi na sindano moja, na kurudia dawa ileile muda mfupi baadaye hakusaidii kama kubadilisha aina.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi kutolewa mfuko wa nyongo, hospitali nyingine. Jioni ya kuamkia upasuaji akaja mzee mmoja, daktari wa usingizi, akavuta stuli. Nilipomwamkia aliitikia, halafu swali lake la kwanza likawa, "Mwanangu, ukipanda basi unatapika?" Nilitaka kumkumbatia. Akanieleza kwamba deksamethasoni ataichoma mwanzoni, kwa kuwa inachelewa kufanya kazi, ila baada ya mimi kulala. Ikisukumwa haraka mtu akiwa macho huleta muwasho wa ajabu huko chini. Ondansetroni ingefuata karibu na mwisho. Na badala ya gesi angenilaza kwa propofoli ya mshipani, ambayo haichafui tumbo sana.

Nilizinduka kichwa kikiniuma kidogo. Mate hayakujaa. Saa chache baadaye nikamuuliza mama kama uji upo.

Wiki ijayo ni zamu ya mdogo wangu, naye ni wa mifuko kama mimi. Nimemwambia aseme mwenyewe, asingoje kuulizwa. Anaogopa ataonekana anamfundisha daktari kazi. Basi, nimemwambia, usitaje dawa yoyote. Msimulie tu safari ya Kitonga.