Mnang'oa gugu maji, maji yenyewe nani anayaangalia?

Juzi kwenye grupu letu la watu wa Mwanza imerushwa klipu, vijana wameingia majini mpaka kifuani wanavuta gugu maji kwa mikono, wakubwa wamesimama nchi kavu wanapigwa picha, na chini ya klipu watu wanapongezana eti Ziwa Victoria linapona. Imeniuma. Linaponaje jamani? Gugu umelitoa, chakula chake, yaani mbolea na uchafu, umekiacha humo humo, mvua zikinyesha mito ikashusha kingine linaota upya na vijana wale wale mtawaita tena wakajikune na maji.

Kabla mtu hajaniletea habari kwamba aliyeliharibu ziwa ni sangara, tumalizane naye kwanza. Ndio, alikula wenzie. Walimpandikiza kuanzia miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, ingawa mwenzao Michael Graham aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928 alishaandika kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzie bila utafiti wa kutosha ni hatari kubwa. Hawakusikia. Miaka ya 1980 sangara akazaliana kupita kiasi na furu, samaki wadogo wa asili wa humu, wakaporomoka, furu hawa hawa ambao walikuwa aina 500 na zaidi na ndio waliokuwa samaki wengi kuliko wote humu ziwani. Hapo sibishi. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba sangara huyo huyo ameleta viwanda na ameisomesha nusu ya watu ninaowajua. Ila kumtwika yeye kila kitu ni kujificha, maana sangara hajui kuandika barua ya kujitetea, na sisi tunaomwaga uchafu tupo.

Ngoja niwaelezee kitu ambacho naona watu wa hapa tungetakiwa kukijua toka shule ya msingi. Furu wengi wanatofautishana kwa rangi. Kuna wawili wanakaa kwenye mawe ya visiwa vyetu hivi, mmoja dume lake la bluu, wanasayansi wanamwita Pundamilia pundamilia, mwingine dume lake jekundu, Pundamilia nyererei, ndio, amepewa jina la Mwalimu. Wa bluu anapenda juu karibu na mwanga, mwekundu anashuka chini kidogo, na jike anachagua mume kwa kuangalia rangi. Sasa kuangalia kunataka mwanga. Pale kisiwa cha Makobe ambako maji ni maangavu hawa wawili wanakaa kila mtu na kwake. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza maji yanazidi kuwa tope, unawakuta wameanza kuchanganyika, na ukifika kisiwa cha Luanso ambako huoni hata mkono wako vizuri unakuta samaki mmoja tu wa rangi za katikati, hajulikani bluu hajulikani mwekundu. Mwanasayansi Ole Seehausen na wenzake waliandika hili mwaka 1997. Hakuna aliyeliwa hapo! Hakuna sangara, hakuna nyavu za kokoro, hakuna baruti. Aina mbili zimegeuka moja kwa sababu maji yamechafuka na jike haoni. Kitu kisicho na uhai, mwanga tu, umepungua na viumbe vimepungua nao.

Mimi nikifikiria hapo huwa nashikwa na uchungu kabisa, kwa sababu samaki akiliwa unaweza kupunguza mlaji, aina yake ikarudi. Na tumeona, sangara alipovuliwa sana miaka ya 1990 baadhi ya furu walirudi kweli, wengine wamerudi na matamvua makubwa kuliko ya babu zao kwa sababu hewa majini imekuwa haba. Lakini aina iliyoyeyukia ndani ya nyingine utairudishaje?

Na hiyo hewa ndio janga la pili. Mwani ukijaa juu, ukifa unazama, ukioza huko chini unamaliza oksijeni. Miezi ya joto maji ya juu yanakuwa ya moto, ya chini ya baridi, hayachanganyiki, kwa hiyo kwenye kina kirefu kunakuwa hakukaliki mpaka upepo wa kusi wa Juni mpaka Agosti uje kuyakoroga. Ziwa letu kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80, ni pana ila sio refu kwenda chini, sasa ukiwanyima na hewa ya huko chini samaki wakae wapi.

Chanzo mnakijua. Mbolea na udongo wa mashamba kupitia Kagera, Simiyu, Mara, majitaka ya miji, mafunjo yaliyokuwa yanachuja yote hayo tumefyeka tukapanda mpunga na mahindi. Kingine watu hawakifikirii, fosforasi nyingi inayoingia ziwani inatoka hewani, vumbi la ardhi iliyo wazi na moshi wa kuchoma mashamba na mapori, inashuka na mvua. Yaani mtu anayechoma nyasi mbali kabisa na ziwa naye yumo.

Gugu lenyewe lilitokea Amerika ya Kusini, likaonekana huku mwishoni mwa miaka ya 1980, likafika kileleni miaka ya 1990, wakaletwa wadudu wa kulitafuna na wakasaidia sana. Hata hivyo kila linapopata maji yenye mbolea na ghuba iliyotulia linarudi, na litaendelea kurudi. Wavuvi wengine watakwambia samaki kama kamongo na mumi wanajificha vizuri chini yake, ni kweli, hao wanastahimili maji yasiyo na hewa. Wengine wengi hawawezi.

Kwa hiyo mimi sitaki kupigiwa makofi ya gugu. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nendeni mkapime hizo mita 60 kuanzia hapa mjini mniambie mmekuta nini. Mafunjo yaliyobaki yaachwe. Maji yapimwe uangavu na oksijeni kila mwezi na majibu yabandikwe mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wavuvi wayasome, maana wao ndio wanaoamka usiku kwenda huko. Na hivi vizimba vya kufugia sato vinavyoongezeka kila leo, chakula kinachobaki na kinyesi vinazama pale pale, kabla ya kumpa mtu kibali kwenye ghuba nyembamba isiyo na mkondo tuonyeshwe kwanza maji ya pale yana hewa kiasi gani chini, na mwenye kibali akishindwa kuonyesha asipewe.