Hondohondo Ibadani

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Ijumaa jioni nilimpigia simu mama mwenyekiti wa jumuiya yetu nikamwambia kesho sitafika, mjomba wangu wa Muheza haamki kitandani. Mjomba ninaye kweli. Na hata hilo la kutoamka lina ukweli wake, maana nilipita Muheza saa 12 kasoro alfajiri, na saa hizo mjomba huwa bado anakoroma.

Kwa msiosali kwetu: jumuiya ni majirani Walutheri wanaokutana Jumamosi alfajiri kwa ibada, sebuleni kwa mmoja wao. Ukikosa mara moja wanakuulizia. Ukikosa mara mbili wanakuja. Mimi nilikuwa kwenye ya tatu, kwa sababu nimejiunga na kikundi cha watazama ndege hapa Tanga mjini. Tuko saba, darubini nne, na hiyo niliyopewa mimi jicho la kushoto limeota ukungu. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa biolojia, mtu mpole hadi utakapoongea kwa sauti msituni.

Tulikwenda Amani, juu kwenye Usambara Mashariki. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande zote za dunia. Miti hiyo imepata muda wa kutosha kurefuka, na ile ya asili ilikuwa mirefu kabla yao. Ndege nao wako kileleni. Kuna chozi anayeitwa kwa jina la Amani yenyewe, kandege kasikopenda kushuka chini. Mwalimu alikaona. Mama mmoja muuza vitenge alikaona mara mbili. Mimi kwa saa nne nilizotazama juu niliona kitu cheusi kimoja, kikipita.

Nilichokipenda zaidi ni habari za hondohondo. Mwalimu alitueleza kwamba jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki upenyo tu wa dume kumpitishia chakula. Majuma kadhaa hatoki. Nikaona huyo ndiye kiumbe pekee Usambara nzima ambaye mwenyekiti wa jumuiya hawezi kumfikia. Kisha mwalimu akaturushia kwenye simu sauti ya hondohondo mmojawapo ili tumtambue tukimsikia. Analia kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa. Siongezi chumvi.

Jumapili niliamka shingo imekuwa gogo. Haiinami, haigeuki. Nikaenda kanisani kidevu juu kama mtu aliyeshinda kesi. Mlangoni mama mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniwekea bahasha.

"Pole mwanangu. Jana tumemwombea mjomba, tukachanga kidogo. Ni 23,000 tu."

Nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Asante mama, Mungu awabariki."

Ibada ikaanza. Wakati wa sala wenzangu wote wameinamisha vichwa, mimi nimekodolea macho dari. Nikamsikia bibi mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Maskini, ana uchungu."

Sasa, mimi ndiye fundi mitambo wa kwaya ya vijana. Midundo yetu hutoka kwenye simu yangu kwenda kwenye spika kubwa iliyo pembeni ya madhabahu, na vitu hivyo viwili vimezoeana kiasi kwamba spika ikiwashwa tu, vinaungana bila kuniuliza. Mchungaji alipofika katikati ya mahubiri, dhamiri ilinisukuma nikafute picha za Amani kabla mtu hajaziona. Nikaishusha simu mapajani. Kwa kuwa shingo haishuki, nilikuwa napapasa tu kama anayetafuta ufunguo gizani.

Somo lilikuwa la Hana, yule mke tasa aliyelia mbele za Bwana akiomba mtoto. Mchungaji alishusha sauti: "Na Bwana akamkumbuka Hana..."

Mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu, kanisa zima likasikia. Mzee mmoja mbele akapiga kelele, "Amina!" Kina mama wakaanza kutazamana. Binti mmoja aliyempakata mwanawe aliyelala fofofo alimtikisa ahakikishe, huyo naye akaamka akalia kweli. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikasirika. Nikajiuliza ni mama gani huyu asiyetoa mtoto nje. Mtoto alipovuta pumzi na kuanza tena kwa mtindo uleule ndipo jasho liliponitoka. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika.

Niliinua simu hadi usawa wa macho, maana chini sikuweza kuiona, nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Hondohondo akanyamaza. Kwenye kioo ikabaki picha yangu kubwa, darubini shingoni, tabasamu hadi masikioni, na nyuma yangu kibao cha hifadhi ya Amani. Mama mwenyekiti alikuwa amekaa benchi la nyuma yangu, kulia kidogo. Hakusema neno. Niliisikia miwani yake ikivaliwa.

Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mazao, nje chini ya mwembe. Ndizi, nazi, mayai. Nilikuwa najiondokea taratibu aliponisimamia ubavuni. Dalali, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kondakta, alinyanyua jogoo.

"Elfu kumi naanza!"

"Huyu kijana anapenda sana ndege," mama mwenyekiti akamwambia kwa sauti ya upole.

Dalali akanitazama. Kidevu changu, kama nilivyosema, kilikuwa juu. "Elfu kumi kwa kijana wa kwaya!" Mtu akasema 20,000. Dalali akanigeukia, kidevu kipo palepale. "Ishirini na tano!" Nilijaribu kutikisa kichwa kukataa, nikageuka mwili mzima kushoto na kulia, akadhani nacheza kwa furaha. Jogoo alisimama kwenye 40,000. Nilitoa ile bahasha na 17,000 zangu.

"Jumamosi jumuiya ni kwako," mama mwenyekiti alisema, akinisaidia kumfunga miguu. "Tutamla huyohuyo."

Jioni nilikuwa nimelala chali, jogoo amefungwa kwenye mguu wa meza, simu ikaita. Muheza.

"Mjomba," ilisema sauti yenye afya tele, "nimepigiwa na watu wa kanisani kwenu wananipa pole. Kumbe naumwa?"

"Kidogo tu, mjomba."

"Haya. Na hizo 23,000 zangu zinakuja lini?"

Nikamtazama jogoo. Naye akanitazama, kwa jicho moja.