Masika ya Kisumu na Mtoto wa Miaka Miwili

Mvua za masika zimeanza Kisumu, na katika ploti tunayoishi, huku Migosi, milango imeanza kufungwa. Watoto wadogo wameitwa ndani, runinga zinawashwa tangu asubuhi, na akina mama tukikutana kwenye kamba za nguo tunaulizana ni mtoto wa nani aliyekohoa usiku. Mimi nina binti wa miaka miwili na miezi mitatu, na naamini kwa dhati kwamba tunakosea. Kuanzia Machi hadi Mei ndipo mtoto wa umri huo anapopaswa kuwa nje kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Januari na Februari jua la huku huchoma mchana kutwa, nyasi hukauka zikawa kama misumari, na vumbi humwingia mtoto machoni. Sasa ardhi imelainika, majani yamechipuka, na kila kiumbe kilichokuwa kimejificha kimetoka kutafuta riziki.

Jirani yangu mmoja, mama ninayemheshimu sana, huniambia kila akituona tukitoka, "Mama Akinyi, huyo mtoto utamletea homa." Najua anasema kwa upendo, lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hupata nafasi nzuri zaidi ya kuenea pale watu sita wanapokaa katika chumba kimoja chenye madirisha yaliyofungwa. Mtoto akilowa, namvua nguo mara moja, namkausha kichwa na kumpa uji wa moto wa wimbi.

Jambo la kufahamu ni kwamba mvua ya Kisumu ina saa zake. Siku nyingi asubuhi huamka safi. Jua likishapanda, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na mchana utaona mawingu yamejikusanya juu ya vilima vya Nandi, meusi kama chungu. Mara nyingi mvua na radi hutufikia kuanzia saa tisa au saa kumi. Kwa hiyo nafasi ya mtoto ni kati ya saa moja na nusu na saa nne asubuhi, na mimi, ambaye huingia kazini mchana, nimeifanya kuwa saa yetu. Alizaliwa alfajiri, ndiyo maana akaitwa Akinyi, na pengine ndiyo sababu asubuhi inampendeza hivyo.

Wiki iliyopita tulitoka tukakuta kumbikumbi wanapaa kutoka kwenye tundu lililo karibu na shina la mwembe ulio nyuma ya ploti. Akinyi alichuchumaa. Kwanza aliwatazama tu, mikono ikiwa mgongoni kama mzee wa kijiji. Kisha akanyoosha kidole, mmoja akapanda juu yake, naye akashusha pumzi polepole asije akamtisha. Alijaribu kumshika kwa kiganja chote akamponda. Akajaribu tena, safari hii kwa kidole cha shahada na gumba, akashika bawa, bawa likabaki mkononi na kumbikumbi akaenda zake kwa miguu. Alilitazama lile bawa kwa muda mrefu, akalipeleka kwenye mwanga, halafu akaniita nilione. Bibi mmoja kutoka Vihiga, ambaye amemtembelea mwanawe katika ploti yetu, alikuja na sufuria akamwonyesha namna ya kuwaokota wale waliokwisha kupukutisha mabawa, na jioni alituletea wakiwa wamekaangwa kwa chumvi kidogo. Dakika arobaini zilipita mtoto akiwa amechuchumaa, akisimama, akiinama, akitumia vidole viwili kwa uangalifu ambao hakuna kifaa cha kuchezea nilichowahi kumnunulia kilichomfundisha. Neno "bawa" hajalisahau mpaka leo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji angalau dakika 180 za kujongeajongea kwa siku, zikigawanywa kutwa nzima, na kwamba asifungwe kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kuhusu runinga na simu, mwongozo huo unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele yake kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Nilipozisoma tarakimu hizo mara ya kwanza niliona dakika 180 ni nyingi mno, lakini nikihesabu asubuhi moja ya kumbikumbi, kutembea hadi dukani na kurudi kwa hatua zake fupi, na kuruka madimbwi kabla ya chakula cha jioni, naona zinatimia bila mtu kusukumwa.

Sisemi masika hayana hatari. Ninayoiogopa kuliko zote ni maji yaliyotuama: mtoto wa umri huu anaweza kuzama katika ndoo yenye maji machache tu, na wakati wa mvua sote tunakinga maji kwa mapipa na mabeseni chini ya mabati. Kabla ya kufungua mlango naangalia kila chombo kimefunikwa au kimemwagwa, na mitaro ya kando ya barabara siikaribii naye baada ya mvua kubwa, kwa kuwa huwezi kujua kina chake. Malaria nayo ni ya kweli, hasa kwetu tulio karibu na ziwa. Mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku, hivyo giza likianza kuingia tunakuwa ndani, na chandarua hakiondolewi kitandani hata siku moja. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, ilipangwa kuwa na dozi ya nne mtoto akifikisha miezi 24. Kwa kuwa wakati huo ratiba ya kliniki ya kila mwezi imeshatutoka akilini, ni dozi rahisi sana kusahau. Mzazi mwenzangu, fungua kile kijitabu cha kliniki uangalie.

Mwishoni mwa juma tunakwenda mbali kidogo. Hifadhi ya Impala, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, ni nzuri, lakini kwa mtoto wa miaka miwili mimi ninapendelea Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Uwanja wake ni mpana, kuna kobe wanaotembea kwa mwendo kama wa Akinyi mwenyewe, na kuna boma la Kiluo lenye nyumba za nyasi ambamo anaweza kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, bila kuchoka. Dunga tunakwenda kutazama mashua na mafunjo, wala hakanyagi maji: ufukweni mwa ziwa letu kuna konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi ya mguu wakati mtoto anacheza. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Hata hivyo safari ya Jumamosi si badala ya kila siku, na hapa ndipo moyo unaponiuma. Mwezi wa pili mwenye nyumba wetu alileta mafundi wakatandaza kabro, yaani vitofali vya saruji, uwanja mzima wa mbele ili magari yasikwame kwenye matope. Udongo wetu mweusi unavyonata naujua, na sitaki mtu asukume gari lake kila asubuhi akiwa amevaa nguo za kazini. Lakini mafundi waliporudi kupima, walipima hadi shina la ule mwembe. Ikifikia hapo, watoto kumi na mmoja wa chini ya miaka mitano katika ploti yetu hawatakuwa na hata futi moja ya udongo wa kuchimba, na wote ni watoto wa nchi iliyoridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ambao kifungu chake cha 31 kinataja mchezo kuwa haki. Ploti nyingi zinazojengwa sasa hapa mjini zinafuata mtindo huohuo: lango, kabro, ukuta.

Nimezungumza na majirani wanne, pamoja na yule mama anayehofia homa, ambaye wajukuu zake wawili humtembelea likizo ya Aprili. Tunachoomba ni kidogo: eneo la mita nne kwa mita tano kuzunguka mwembe liachwe na nyasi zake, na sisi wapangaji tutanunua mawe ya ukingo na kupokezana kulifagia. Tumekubaliana kulipeleka ombi hilo tarehe tano, siku ya kulipa kodi, saa tatu asubuhi kabla mvua haijanyesha, kila mmoja akiwa na mtoto wake.